Samaki Hakui kwa Kipimo cha Tangi: Namna ya Kuchagua Tangi Linalomtosha

"Chukua tu, huyu anakua kulingana na tangi utakalomweka."

Kauli hii nimeisikia kwa wauzaji, kwa majirani, na hata kwa watu waliofuga samaki wa mapambo miaka mingi. Wengi huisema kwa nia njema, na wana ushahidi wa macho: sebuleni kwao kuna samaki wa dhahabu ana miaka 2 na bado ni mdogo kama kidole. Basi wanaona samaki amelielewa tangi, akajipunguza mwenyewe.

Mwaka juzi mpwa wangu aliniuliza, "Mjomba, mbona samaki wangu hakui?" Alikuwa na samaki mmoja wa dhahabu ndani ya bakuli la duara la lita 8, juu ya kabati la televisheni. Nilipiga magoti nikasogeza uso hadi kwenye kioo. Samaki alikuwa na sentimita 6, lakini jicho lake lilikuwa la samaki mkubwa. Mgongo ulikuwa umepanda kama nundu nyuma ya kichwa, kisha ukashuka ghafla kuelekea mkiani. Mashavu yalikuwa yakifunguka na kufunga haraka haraka. Nilichovya karatasi ya kupimia nitrati, yaani uchafu unaobaki majini kutokana na kinyesi cha samaki, rangi ikapita ile nyekundu ya mwisho kwenye kadi.

Yule samaki alikuwa amedumaa. Neno hili tunalitumia kliniki tunapopima urefu wa watoto, na tunajua kwamba mtoto aliyedumaa hakuchagua kuwa mfupi ili atoshe kwenye nyumba ndogo. Kuna kitu alikikosa, au kuna kitu kilimzidi. Kwa samaki ni vivyo hivyo.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kununua tangi la kwanza, au aliyekwisha kununua na ameanza kuwa na mashaka. Nimeupanga kwa hatua, na kila dhana potofu nimeishughulikia pale inapokukwamisha.

Kabla ya hatua yoyote: nini hasa kinamdumaza samaki

Wanaofuga perege mabwawani wanalijua jambo hili kuliko sisi wa matangi ya kioo. Bwawa likijaa kupita kiasi, perege wanaanza kuzaa wakiwa wadogo wa kiganja, vifaranga wanagombania chakula kilekile, na mwisho wa msimu unavua samaki wengi wasiofaa hata kukaanga. Ndiyo maana wafugaji wengi hutafuta vifaranga madume matupu. Mtu akiangalia bwawa hilo anaweza kusema, "Unaona? Nafasi ndogo, samaki wadogo."

Lakini nenda Ziwa Victoria uangalie vizimba vya sato vilivyoko Mwanza, Kisumu au Jinja. Ndani ya kizimba kimoja wanakaa maelfu ya samaki, wamebanana kuliko bwawa lolote la kijijini, na bado ndani ya miezi kama 6 hadi 8 wanafikia uzito wa sokoni. Kwa nini hawadumai? Kwa sababu maji ya ziwa yanapita kwenye nyavu mchana na usiku. Kinyesi na amonia vinaondoka, oksijeni inaingia, na chakula kinaletwa kwa kipimo.

Kwa hiyo kuta hazimwambii samaki chochote. Kinachomdumaza ni maji machafu yasiyobadilishwa, oksijeni pungufu, chakula kisichofaa au kisichotosha, na hofu ya kudumu inayotokana na kubanwa au kupigwa na wenzake. Tangi dogo ndilo linaloleta mambo haya haraka zaidi.

Sasa mtu mwerevu atauliza: kumbe nikiwa na filta nzuri na nikibadilisha maji kila siku, tangi dogo litatosha? Jibu ni kwamba maji yakiwa safi samaki atakua kama Mungu alivyompangia, na siku moja pua itagusa kioo cha mbele na mkia kioo cha nyuma. Maji yakiwa machafu anadumaa, yakiwa safi anakosa pa kugeukia, na katika hali zote mbili anayeumia ni samaki. Ndiyo maana tunaanza na ukubwa wa samaki mzima, halafu tangi.

Hatua ya 1: Jua ukubwa wake akiwa mzima

Dukani unaona vifaranga. Karibu samaki wote wanauzwa wakiwa na sentimita 3 hadi 7, kwa hiyo wote wanaonekana wa tangi moja. Usikubali jibu la "huyu ni mdogo tu". Uliza jina, na ikiwezekana jina la kisayansi, kwa sababu majina ya dukani yanapotosha. Anayeitwa "papa" kwenye maduka mengi si papa hata kidogo. Ni aina ya kambare wa mito ya Asia, Pangasianodon hypophthalmus, na huweza kufika sentimita 130. Nimewahi kuona wanne wakiuzwa kwa mtu mwenye tangi la sentimita 60.

Hawa ndio ninaoulizwa zaidi:

Samaki wa dhahabu mwenye mkia mmoja, yule mwembamba wa kawaida, hufika sentimita 25 hadi 30. Wale wanene wenye mikia miwili hufika 15 hadi 20. Wakitunzwa vizuri huishi miaka 10 na kuendelea. Kule Uingereza kulikuwa na mmoja aliyeitwa Tish, aliyepatikana kama zawadi ya mchezo kwenye maonyesho mwaka 1956 akafa mwaka 1999, akiwa na miaka 43. Ukimnunulia mtoto wa darasa la kwanza samaki huyu, uwe tayari kumtunza mpaka mtoto amalize chuo.

Oska, yule wa Amazoni mwenye alama ya jicho karibu na mkia, hufika sentimita 30 hadi 35, na anakua haraka mno. Ndani ya mwaka wa kwanza tu anaweza kupita sentimita 20.

Pleko, "mnyonya kioo", ndiye anayeuzwa kama msafishaji wa tangi. Wa kawaida hupita sentimita 40. Anakula utando wa kijani (mwani) akiwa mdogo, akikua anataka chakula chake mwenyewe, na anatoa kinyesi kingi kuliko samaki wengine wote waliomo. Mtu anayemnunua ili asafishe anajiongezea uchafu.

Gapi hufika sentimita 3 hadi 6, jike ndiye mkubwa. Neoni ni 3 hadi 4. Hawa ndio samaki wa tangi dogo kweli.

Na tunao wa kwetu. Mbuna wa Ziwa Nyasa wengi wao ni sentimita 10 hadi 13. Kutoka Ziwa Tanganyika, upande wa kusini, wapo wadogo wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono, Neolamprologus multifasciatus, ambao hawazidi sentimita 5. Ukoo mzima unaweza kuishi kwenye tangi la lita 50 na usichoke kuwatazama wakihamisha mchanga kwa midomo. Na ziwa hilohilo lina frontosa, mwenye nundu kichwani na mistari myeusi, anayepita sentimita 30. Anakua polepole, na upole huo wa kukua unawadanganya watu wakidhani ameshafika.

Hapa ndipo dhana ya tangi inapovunjika yenyewe. Kama tangi ndilo lingeamua ukubwa, gapi angepaswa kuwa mkubwa ukimweka kwenye bwawa la lita 5,000. Mweke huko, atabaki na sentimita zake 5.

Hatua ya 2: Kata boksi

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na haina gharama. Chukua boksi la karatasi ngumu, pima urefu wa samaki mzima kama ulivyoupata kwenye hatua ya 1, chora umbo lake, ulikate. Kama ni oska, kata boksi la sentimita 30 lenye kimo cha sentimita 12 au zaidi, maana ana mwili mpana. Nenda nalo dukani au kwa fundi vioo. Liingize kwenye tangi tupu unalotaka kununua, ulisogeze kama samaki anavyoogelea, kisha uligeuze.

Mara nyingi utashangaa. Urefu wa tangi unaweza kuonekana wa kutosha, lakini upana, yaani kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma, ndio unaokwama. Tangi la kawaida la madukani la sentimita 60 lina upana wa sentimita 30. Boksi la oska likikaa kwa mkingamo linagusa kioo huku na huku. Samaki hai angelazimika kujikunja kila akitaka kurudi alikotoka, maisha yake yote.

Kipimo ninachotumia: urefu wa tangi usipungue mara 4 ya urefu wa samaki mzima, na upana usipungue mara moja na nusu. Kwa samaki anayekimbia sana, nenda mara 6. Oska wa sentimita 30 basi anataka tangi la sentimita 120 kwa 45. Samaki wa dhahabu wenye mikia miwili wataishi vizuri humohumo wakiwa wawili. Wale wa mkia mmoja ningewashauri wenye bustani wawachimbie kidimbwi.

Kimo kina umuhimu mdogo kuliko watu wanavyodhani. Matangi marefu kwenda juu yanapendeza ukutani, lakini samaki wengi huogelea kwa mlalo. Sentimita 45 za kimo zinawatosha karibu wote niliowataja.

Kupata lita, zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, ugawe kwa 1,000. Tangi la 120 × 45 × 45 ni lita 243. Toa nafasi ya juu isiyojazwa, toa kokoto na mawe, unabaki na kama lita 210 za maji halisi. Fanya hesabu kwa hizo 210.

Na kabla hujaliagiza, fikiria sakafu na meza. Lita 1 ya maji ina kilo 1. Tangi hilo likiwa na maji, vioo na mawe linakaribia kilo 300. Kabati la televisheni halibebi. Kwa tangi la ukubwa huo mimi humwomba fundi atumie kioo cha milimita 10, aunge kwa silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, na tukishalijaza maji nje tunaliacha siku 2 kabla ya kuliingiza ndani.

Hatua ya 3: Achana na hesabu ya "sentimita moja, lita mbili"

Kanuni hii inasambaa sana: kwa kila sentimita 1 ya samaki, weka lita 2 za maji. Inavutia kwa sababu ni rahisi kukumbuka. Kwa gapi na neoni haikupotezi sana. Kwa samaki mkubwa inakuangamiza.

Angalia: neoni 10 wa sentimita 3 ni jumla ya sentimita 30. Oska mmoja ni sentimita 30. Kanuni inasema wote wanastahili lita 60. Lakini samaki akirefuka mara mbili, ananenepa na kupanuka mara mbili pia, kwa hiyo uzito wake unapanda karibu mara 8. Kutoka sentimita 3 hadi 30 ni mara 10 kwa urefu, na karibu mara 1,000 kwa uzito. Yule oska peke yake ana mwili uliozidi wa neoni wote 10 kwa zaidi ya mara 100. Ndivyo anavyokula, ndivyo anavyopumua, ndivyo anavyochafua.

Tumia kipimo cha mwili kugeuka kwanza, halafu hesabu ya maji ya hatua ya 6. Ukiona hivyo viwili vimekubali, tangi linatosha.

Hatua ya 4: Angalia uso wa maji

Oksijeni inaingia kupitia uso wa maji. Bakuli la duara likijazwa hadi shingoni lina uso mdogo kama sahani ya chai, hata kama lina lita 10 chini yake. Punguza maji mpaka pale lilipo pana zaidi na utakuwa umempa samaki hewa zaidi kwa maji machache; lakini ni heri kulitumia bakuli hilo kwa maua.

Sisi wa pwani tuna jambo la ziada. Maji ya joto hubeba oksijeni kidogo: kwenye nyuzi 20 yanaweza kushika kama miligramu 9 kwa lita, kwenye nyuzi 30 yanashuka hadi karibu 7.5. Wakati huohuo mwili wa samaki unaenda kasi zaidi na unadai oksijeni zaidi. Samaki wa dhahabu ni samaki wa maji ya baridi. Lushoto, Mbeya, Arusha au Nairobi atakaa raha. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, chumba kisicho na feni, anataabika. Kama unaishi joto kali, mpe nafasi kubwa kuliko inavyoandikwa kwenye vitabu vya Ulaya, weka pampu ya hewa, na usiruhusu idadi iongezeke. Samaki wakija juu alfajiri na kuvuta hewa kwa midomo, tangi lako limezidiwa tayari.

Umeme ukikatika, tangi lililojaa ndilo la kwanza kupoteza samaki. Pampu ndogo ya betri ni jambo la lazima kwetu.

Hatua ya 5: Lipe tangi wiki 4 hadi 6 kabla ya samaki

Nitapita haraka hapa maana wengi wanalijua. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu na kinyesi. Bakteria wanaokaa kwenye filta na kokoto huigeuza kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ina sumu ndogo zaidi. Bakteria hawa hawapo kwenye tangi jipya. Weka filta ianze kazi, tupia kipande kidogo cha nyama mbichi ya kamba wa baharini ili kioze na kutoa amonia, pima kila baada ya siku chache. Amonia na nitriti zikishuka hadi sifuri huku nitrati ikipanda, tangi limekomaa. Ukipata sponji ya filta kutoka kwa rafiki mwenye tangi zuri, muda unapungua sana.

Maji ya kisima yenye pH (kipimo cha uasidi wa maji; ikiwa juu, uasidi ni mdogo) ya juu yanafanya amonia iwe kali zaidi. Kwa anayetumia kisima, hatua hii si ya kurukwa.

Hatua ya 6: Badilisha maji, usiongezee tu

Kosa hili ndilo linalodumaza samaki wengi kuliko yote. Mtu anakuambia, "Maji nabadilisha kila wiki," ukimchunguza unakuta anamimina ndoo pale maji yanapopungua. Huko ni kuongezea. Maji yanayopungua yamekwenda hewani kama mvuke, na mvuke haubebi nitrati wala chumvi. Vyote vinabaki vikijikusanya. Baada ya mwaka mmoja maji yanaonekana safi kama ya kunywa, kumbe yamejaa.

Fanya hesabu hii. Tuseme samaki wako wanaongeza nitrati miligramu 10 kwa lita kila wiki. Ukibadilisha asilimia 10 ya maji kwa wiki, nitrati itapanda pole pole mpaka itulie karibu na 100. Ukibadilisha asilimia 30, itatulia karibu na 33. Mimi sipendi ipite 40, na kwa vifaranga naitaka chini ya 20. Sasa chukua samaki haohao uwaweke kwenye tangi la nusu ya lita hizo: watazalisha miligramu 20 kwa lita badala ya 10, na hata kwa asilimia 30 itatulia karibu na 67. Hapo ndipo ukubwa wa tangi unapoingia kwenye ukuaji wa samaki.

Namna ya kufanya: bomba la plastiki na ndoo ya lita 20. Vuta kutoka chini, kwenye uchafu wa kokoto. Kwa tangi letu la lita 210, asilimia 30 ni lita 63, yaani ndoo 3 na kidogo. Maji ya bomba yaache wazi siku nzima ili klorini iondoke, au tumia dawa ya kuiondoa. Kama mamlaka ya maji ya kwenu inatumia kloramini, kuyaacha wazi hakusaidii, dawa ndiyo njia. Hakikisha joto linalingana kwa kutumbukiza mkono au kipimajoto.

Sponji ya filta ioshe kwenye maji uliyoyatoa tangini. Ukiiosha kwa maji ya bomba yenye klorini unaua bakteria uliowangoja wiki 6.

Hatua ya 7: Chakula hakiwezi kuchukua nafasi ya maji

Akiona samaki hakui, mtu huongeza chakula. Kisicholiwa kinaoza, amonia inapanda, samaki anazidi kudumaa. Mpe kinachokwisha ndani ya dakika 2, mara 2 kwa siku kwa samaki mzima, mara 3 au 4 kwa kidogo kidogo kwa vifaranga. Vifaranga wanahitaji protini nyingi na miezi ya mwanzo ndiyo ya kukua. Ndiyo maana wazo la "nitaanza na tangi dogo, nitanunua kubwa akikua" linafeli: kasi kubwa ya kukua iko mwanzoni, ndani ya tangi dogo, na hela ya tangi kubwa huchelewa kila mara. Nunua kubwa kwanza.

Hatua ya 8: Pima samaki wako kila mwezi

Bandika rula ya plastiki nje ya kioo, chini, karibu na sehemu anayokuja kula. Akija, piga picha. Weka tarehe. Baada ya miezi 3 una habari ya kweli badala ya kukisia kwa macho, maana jicho linalomwona samaki kila siku halioni mabadiliko.

Dalili za kudumaa ni hizi: jicho kubwa lisilolingana na mwili, kichwa kikubwa, mgongo uliopinda au tumbo lililobonyea, rangi iliyofifia, na mstari wa urefu usiosogea wakati bado ni mdogo kwa umri.

Utasikia pia kwamba mwili wa nje hukoma lakini viungo vya ndani vinaendelea kukua mpaka samaki anapasuka. Hii si kweli. Ini, figo na moyo vinakwenda pamoja na mwili. Jicho linaonekana kubwa kwa sababu halicheleweshwi kama sehemu nyingine. Anachokufa nacho samaki aliyedumaa ni mashavu yaliyounguzwa na amonia, mwili uliodhoofika, na magonjwa yanayomkuta hana nguvu. Nalisema hili kwa sababu dhana ya viungo kupasuka huwafanya wengine wakate tamaa wakidhani hakuna la kufanya.

Kama umeshakosea

Lipo la kufanya, ila usiharakishe. Maji yaliyokaa muda mrefu bila kubadilishwa huwa yameshuka pH, na samaki ameyazoea. Ukimhamisha ghafla au kubadilisha maji yote kwa siku moja, pH inaruka, amonia iliyokuwa imetulia inageuka kali, na samaki anakufa usiku uleule. Watu wanasema, "Nilimsafishia maji akafa," na hawasafishi tena. Badilisha asilimia 10 kwa siku kwa wiki 2, pima, halafu ndipo umhamishie tangi kubwa lililokomaa.

Kama tangi kubwa haliwezekani, mtafutie mwenye nafasi: rafiki mwenye kidimbwi, hoteli yenye bwawa la mapambo, au rudisha dukani. Usimwachie mtoni wala ziwani, hata kama ni kwa huruma. Julai 2021 mji wa Burnsville, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, uliwaomba wakazi waache kutupa samaki wa dhahabu ziwani, baada ya kuwavua kwenye Ziwa Keller wakiwa wakubwa kupita matarajio, wakitimua tope la chini na kuharibu mimea. Hawa ni ndugu za samaki walewale wanaokaa na sentimita 6 kwenye bakuli. Maziwa na mito yetu ina samaki wasiopatikana kwingine kokote duniani, na mgeni mmoja wa aina hii akizaana hakuna wavu wa kumrudisha.

Yule wa mpwa wangu tulimbadilishia maji kwa lita 1 kila jioni, mpwa mwenyewe akishika kikombe cha kupimia. Wiki ya 3 alihamia tangi la 100 × 40 × 40. Siku ya kwanza alikaa kona moja, akizunguka duara la upana wa bakuli lake la zamani. Siku ya 4 alivuka tangi lote kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwenye picha ya kwanza ya rula ana sentimita 6. Kwenye picha ya mwisho niliyotumiwa, miezi 14 baadaye, ana 11. Mgongo haukunyooka.

"Mjomba, anaendelea kukua?" aliniuliza kwenye simu.

Nilimwambia ndiyo, na wiki hii ni zamu yake ya ndoo.